Sindano za Wiki ya Sita

Siku ya kliniki katika kituo cha afya cha Buzuruga au cha Sangabuye, mtoto wa wiki sita huchomwa sindano mbili mapajani, moja kila upande. Analia, mama anampa ziwa, muuguzi anajaza kadi na kumwambia mama arudi baada ya wiki nne. Ukimuuliza mama getini mtoto amechanjwa nini, atakuambia pepopunda, au kifaduro, au nimonia. Yuko sahihi kote. Ni wachache watakaotaja homa ya uti wa mgongo, ingawa sindano zote mbili zimebeba kinga dhidi yake, na kinga yenyewe ilichukua zaidi ya nusu karne kutoka wazo la kwanza hadi paja la mtoto.

Nadhani sababu ya kutoitaja ni kwamba hapa Mwanza ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Kwenye ukanda unaoanzia Senegali hadi Ethiopia, homa ya uti wa mgongo hulipuka wakati wa kiangazi, shule hufungwa na redio hutangaza. Kwetu humchukua mtoto mmoja Kayenze wiki hii, mwingine Nyamanoro mwezi ujao, na msibani husemwa tu kwamba mtoto alipata homa kali, au alishikwa na degedege. Vifo vinavyokuja kimoja kimoja havitangazwi na mtu. Ukivikusanya duniani kote ndipo ukubwa unaonekana: kwa mwaka 2019 watafiti wa kimataifa walikadiria wagonjwa milioni 2.51 wa aina zote za ugonjwa huu na vifo 236,000. Kati ya vifo hivyo, 112,000 vilikuwa vya watoto walio chini ya miaka mitano.

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando wa tabaka kadhaa, na kati ya tabaka hizo hupita maji maangavu. Mahali hapo kinga ya mwili ni haba. Bakteria akipenya kutoka kwenye damu na kufika humo, huzaana bila kizuizi, utando unavimba, shinikizo linapanda ndani ya fuvu, na sehemu za ubongo zinaanza kukosa damu. Kwa mtoto haya huweza kutokea ndani ya siku moja au mbili.

Bakteria wakuu kwa watoto waliokwisha kupita umri wa uchanga ni watatu: pneumokokasi, ambaye ndiye huyo huyo wa nimonia, Haemophilus influenzae aina b, ambaye kwa kifupi huitwa Hib, na meningokokasi, yule wa milipuko, ambaye waendao Hija wanamfahamu kwa sababu Saudi Arabia haimpokei hujaji asiye na chanjo yake. Wote watatu huishi puani na kooni mwa watu wenye afya kabisa. Kaka mtu wa miaka minne anayembusu mdogo wake, au mtoto wa jirani aliyekuja kucheza na kukohoa, ndiye anayewaleta. Mama hana sababu ya kujilaumu kwamba nyumba yake ilikuwa chafu. Msongamano una mchango wake, chumba kimoja cha kulala watu sita na moshi wa jikoni, lakini bakteria hawa wamekuwamo pia kwenye majumba ya kifahari.

Kinachowapa nguvu ni ganda. Kila mmoja wa hawa watatu amejifunika kwa minyororo mirefu ya sukari, na ganda hilo huwafanya wateleze mikononi mwa chembe za kinga ambazo kwa kawaida huwameza bakteria. Asiye na ganda hufa mapema kwenye damu. Mwenye ganda hufika kichwani.

Mwaka 1933, huko Boston, watafiti LeRoy Fothergill na Joyce Wright walichukua damu ya watu wa rika mbalimbali, wakaiweka pamoja na Hib na kutazama ni damu ipi inayoua. Damu ya watoto waliozaliwa karibuni iliua, kwa sababu bado ilikuwa na kinga waliyoipata kwa mama zao tumboni. Damu ya watoto wakubwa na ya watu wazima iliua pia. Katikati hapo, kuanzia takriban miezi miwili hadi miaka mitatu, damu nyingi haikufanya kitu. Huo ndio umri uliokuwa ukijaza wodi. Kinga ya mama imekwisha, ya mtoto mwenyewe haijaanza.

Basi si achanjwe tu? Ilijaribiwa. Mwaka 1974 Finland ilikumbwa na mlipuko wa meningokokasi, na katika kampeni ya mwaka ule watoto wapatao laki moja waligawanywa, nusu wakapewa chanjo ya meningokokasi na nusu chanjo ya Hib iliyotengenezwa kwa sukari ya ganda tupu. Upande wa Hib, waliozidi mwaka mmoja na nusu walilindwa. Wadogo zaidi, yaani wale hasa waliokuwa wakifa, hawakupata kinga yoyote ya maana. Chembe zinazotengeneza kingamwili huweza kuiona sukari, ila kwa mtoto mdogo haziamki mpaka zisukumwe na chembe nyingine, ziitwazo chembe T, na hizo T husoma protini tu. Ukizionyesha sukari, ni kama hujazionyesha kitu.

Jawabu lilikuwa limelala maktabani tangu mwaka 1929. Oswald Avery, yule ambaye miaka 15 baadaye angeonyesha kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi, alikuwa New York na mwenzake Walther Goebel wakijaribu jambo lililoonekana dogo: waliifunga sukari kwa protini, kikemia, wakawachoma sungura. Sungura ambao mwanzoni hawakuijali sukari sasa waliitengenezea kingamwili. Fikiria mtu anayepita mtaani kila siku na hakuna anayemshtukia, hadi siku anakutwa ameongozana na kibaka ambaye mtaa mzima unamjua. Kuanzia hapo hata akipita peke yake, watu wanamkumbuka sura. Protini ndiyo kibaka. Chembe T zinaishtukia, zinapiga kelele, na zile chembe za kingamwili zinaamka na kuikariri sukari iliyokuja nayo.

Kati ya ugunduzi wa Avery na chanjo yenyewe ilipita karibu miaka 60. Penisilini iliingia, ikaokoa wengi, na watu wakadhani jambo limekwisha. Lilirudishwa mezani na makundi mawili ya Wamarekani yaliyofanya kazi kila moja kivyake: John Robbins na Rachel Schneerson kwenye taasisi za taifa za afya, Porter Anderson na David Smith kule Rochester. Protini walizozichagua zilitokana na sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyoondolewa ukali. Chanjo ya Hib iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa watoto wa mwaka mmoja na nusu na zaidi, na mwaka 1990 kwa wachanga. Wanne hao walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 1996. Ilistahili kabisa, ingawa sungura wa Avery wangeweza kudai sehemu yao.

Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2009, ndani ya ile sindano moja yenye chanjo tano. Miaka 19 ilipita kati ya mtoto mchanga wa Marekani na mtoto wa Kirumba, na kwa miaka mingi kati ya hiyo hapakuwa na fumbo la kisayansi lililobaki. Kilichobaki kilikuwa bei, na nani alipe. Chanjo ya pneumokokasi, iliyotengenezwa kwa ujanja ule ule wa kufunga sukari na protini, ilizinduliwa nchini mwishoni mwa mwaka 2012 na kuingia kliniki mwanzoni mwa 2013. Hiyo ndiyo sindano ya paja la pili.

Je, chanjo hizi zinafanya kazi kwa watoto wetu, au ni za Wamarekani tu? Jibu bora liko Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamekuwa wakihesabu kila mtoto anayelazwa hospitali ya huko na kujua anatoka kijiji gani. Kabla Kenya haijaanza chanjo ya Hib mwaka 2001, watoto 66 kati ya kila 100,000 walio chini ya miaka mitano walikuwa wakipata ugonjwa mkali wa Hib kwa mwaka. Kufikia 2004 na 2005 walikuwa chini ya wanane. Chanjo ya pneumokokasi ilipoanza mwaka 2011, ugonjwa mkali unaotokana na aina zilizomo kwenye chanjo ulipungua kwa asilimia 92. Na upande wa pili wa ziwa letu, Uganda, iliyoanza Hib mwaka 2002, ilishuhudia homa ya uti wa mgongo ya Hib ikikaribia sifuri ndani ya miaka mitano kwenye hospitali zilizokuwa zikifuatilia.

Kilifi ilionyesha jambo jingine ambalo mama wa Igombe angefurahi kulijua. Chanjo hizi za sukari iliyofungwa hupunguza pia bakteria wanaoishi puani mwa mtoto aliyechanjwa. Asiyewabeba hawezi kuwaambukiza wengine. Hivyo kaka mtu aliyemaliza chanjo zake anamlinda kichanga ambaye wiki sita bado hazijafika, na bibi anayelala naye. Ndiyo maana kuruka chanjo hakumhusu mtoto mmoja tu.

Kuruka kwenyewe hutokea kirahisi huku kwetu. Dagaa hufuata giza la mwezi, wavuvi hufuata dagaa, na familia nyingine huhama na mvuvi kutoka Kayenze kwenda visiwani kwa wiki kadhaa. Sindano ya wiki ya kumi inapita, kisha mama anaona haya kurudi kliniki akihofia kufokewa, kisha anajiambia kwamba itabidi kuanza upya, basi yaishe. Haianzi upya. Dozi iliyokwisha kutolewa inahesabiwa, mtoto anaendelea pale alipoishia, na kadi ya Ilemela inapokelewa kwenye zahanati ya Ukerewe kama ilivyo. Muuguzi anayefoka, kwa maoni yangu, anafanya madhara makubwa kuliko mama aliyechelewa.

Chanjo haikingi kila kitu, na hili lazima lisemwe waziwazi ili mtu asije akaona mtoto aliyechanjwa anaumwa akadhani amedanganywa. Hib anayetuua ana aina moja tu ya ganda. Pneumokokasi ana aina zipatazo mia, na chanjo tuliyoanza nayo hubeba 13 zilizo hatari zaidi. Halafu kuna vichanga wa wiki za kwanza, ambao ugonjwa wao huletwa na bakteria wengine kabisa, mara nyingi wakati wa kuzaliwa au wodini. Utafiti uliofanywa hospitali ya Bugando kwa vichanga 300 waliohisiwa kuwa na maambukizi kwenye damu, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwakuta zaidi Staphylococcus aureus, E. coli na Klebsiella. Vifo vilikuwa asilimia 19. Hakuna hata mmoja kati ya bakteria hao aliyemo kwenye sindano za wiki ya sita. Kwa vichanga hawa kinga ni mikono iliyonawiwa ya mkunga, kitovu kisichopakwa kitu, na mama kumkimbiza kichanga asiyenyonya bila kusubiri kesho.

Na kuna watoto wa selimundu. Hapa Kanda ya Ziwa inabeba mzigo ambao wakazi wake wengi hawaujui. Watafiti wa Bugando walipopima sampuli za damu 17,200 za watoto wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, zilizokuwa zimekusanywa awali kwa ajili ya kipimo cha VVU, walikuta kwamba mtoto mmoja kati ya watano hivi amebeba kinasaba cha selimundu, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Selimundu huharibu bandama mapema utotoni, na bandama ndiyo inayochuja bakteria wenye ganda kutoka kwenye damu. Kwa hiyo pneumokokasi humpiga mtoto huyu kwa urahisi usio wa kawaida. Mwaka 1986 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima dawa wenzao wasioipata. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Tatizo ni kwamba mtoto ambaye hajulikani kuwa na selimundu hawezi kuandikiwa. Familia yenye mtoto anayevimba vidole vya mikono na miguu, anayepungukiwa damu kila mara na kuwa na macho ya njano, ina sababu ya kuomba kipimo hicho kwa jina.

Sasa tuseme mtoto ameumwa. Homa, anatapika, analia kilio kisicho cha njaa, kisha analegea. Mkubwa kidogo atalalamika kichwa na shingo itakakamaa. Mchanga mara nyingi shingo yake haikakamai. Ukigusa utosi utauona umetutumka hata akiwa ameketishwa na hajalia. Anaweza kushikwa na degedege. Hapo ndipo saa zinapopotea, na zinapotea kwa njia ambazo sote tunazijua.

Ya kwanza ni duka la dawa. Vidonge vitatu vya amoksilini, au nusu chupa ya dawa ya maji iliyobaki kwa jirani. Dozi hiyo haitoshi kuua bakteria walio kichwani, ila inatosha kuwaficha, hivi kwamba maabara ikiotesha maji ya mgongoni haioti kitu na daktari anabaki kukisia.

Ya pili ni malaria. Kipimo cha haraka kinaonyesha mistari miwili, kila mtu anashusha pumzi, dawa ya mseto inatolewa. Lakini kando ya ziwa mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu huku kinachomuua ni kitu kingine. Madaktari wa Kilifi waliandika tangu mwaka 1999 kwamba kwa mtoto aliyepoteza fahamu, kumtazama tu hakutoshi kutenganisha malaria kali na homa ya uti wa mgongo. Mistari miwili haifuti utosi uliotutumka. Mzazi ana haki ya kuuliza, kwa adabu, kama na huo ugonjwa mwingine umefikiriwa.

Ya tatu ni imani kwamba mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, hivyo aanzie kwa mganga. Siwezi kuwacheka bibi zetu kwa hili. Waliona kweli watoto wakichomwa na kufa, kwa sababu walifikishwa wakiwa wamebakiza pumzi chache, na sindano ndiyo iliyokuwa jambo la mwisho kuonekana.

Hofu hiyo hiyo, kwa nguvu zaidi, imeielemea sindano ya mgongoni. Daktari anapoomba kutoa maji ya uti wa mgongo, baba wengi hukataa: mtoto atapooza. Kipimo hiki kilianzishwa na Heinrich Quincke nchini Ujerumani mwaka 1891. Mtoto hulazwa ubavu na kukunjwa, sindano ikapita kati ya mifupa ya chini ya kiuno. Uti wenyewe umekwisha juu ya hapo. Panapochomwa kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea na kuipisha sindano. Daktari huacha kukichukua kukiwa na dalili kwamba shinikizo la kichwani ni kubwa mno, na hapo dawa huanza bila kusubiri. Maji ya mtoto mzima ni maangavu. Yakitoka na ukungu, kila mtu chumbani anaelewa hata kabla hayajafika maabara. Anayepooza baada ya hapo kwa kawaida amepoozeshwa na usaha uliokuwamo. Nadhani hospitali zetu zingeokoa watoto wengi kwa kutumia dakika tano kumchorea baba mchoro wa mgongo kwenye karatasi, badala ya kumpa fomu ya kusaini.

Tiba ya kawaida ni seftriaksoni kwa mshipa. Jaribio la watoto zaidi ya elfu moja katika nchi tano, Malawi ikiwemo, lililochapishwa mwaka 2011, lilionyesha kwamba waliokuwa wamepata nafuu siku ya tano hawakufaidika kwa kuongezewa siku tano nyingine. Uamuzi wa siku ni wa daktari, lakini kwa mama aliyefunga genge lake Mwaloni, tofauti ya siku tano ni kubwa.

Anayepona bado hajamaliza. Duniani kote, takriban mmoja kati ya watano wanaopona hubaki na athari za kudumu, na Afrika hali ni mbaya zaidi: kifafa, udhaifu wa viungo, akili kuchelewa, na linaloongoza ni uziwi. Uvimbe hufika kwenye sikio la ndani na kuua chembe za kusikia. Mtoto wa mwaka mmoja haulizi kwa nini dunia imenyamaza. Anatazama midomo, anacheka wengine wakicheka, na familia inasema ni mtulivu tu tangu aumwe. Kupiga makofi nyuma yake si kipimo, maana anahisi upepo na kuona kivuli. Anahitaji kupimwa kwa vifaa kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, au ndani ya wiki nne baada ya hapo, na mzazi asipotajiwa akumbushie mwenyewe.

Haraka hiyo ina sababu. Baada ya homa ya uti wa mgongo, sehemu ya ndani ya sikio huweza kuanza kugeuka mfupa ndani ya miezi, hata wiki. Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio tangu mwaka 2017, lakini waya wa kifaa hauwezi kupenya mfupa. Mtoto aliyegunduliwa akiwa na miezi miwili tangu aumwe ana nafasi ambayo aliyegunduliwa siku ya kuanza darasa la kwanza hana tena. Huyu wa pili atahitaji lugha ya alama, na shule inayoifundisha.